Shirika limefanya kazi, lakini limebadilisha nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliokuwa Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, walitaka kujua jambo dogo tu: je, chati za kufundishia zinasaidia watoto kufaulu? Ni zile chati kubwa zinazosimamishwa mbele ya darasa na kufunuliwa ukurasa kwa ukurasa, za sayansi, afya, hisabati na jiografia. Njia ya mkato ya kujibu swali hilo ipo. Unachukua shule zenye chati na zisizo na chati, unalinganisha alama za mtihani. Ukifanya hivyo, shule zenye chati zinaonekana kuziacha nyingine.

Kisha wakapima kwa njia ya pili. Katika shule 178, nusu zilipewa chati na ICS, shirika la Kiholanzi lililokuwa likifanya kazi eneo hilo, na nusu hazikupewa. Mgawanyo haukuangalia shule ipi imejiandaa wala mwalimu mkuu yupi anajua kuomba. Matokeo yalipotoka, makundi yote mawili yalikuwa sawa. Chati hazikuwa zimeongeza kitu kinachopimika.

Hesabu ya kwanza ilidanganya kwa sababu shule haijikuti na chati kwa bahati. Inazo kwa kuwa ina mwalimu mkuu mfuatiliaji, kamati inayokutana, wazazi wanaochanga bila kusukumwa. Shule ya namna hiyo ingefaulisha hata kama chati zingeungua zote. Tulikuwa tunapima bidii ya watu, tukaipa sifa karatasi.

Ukiuelewa mkasa huo, umeshaelewa zaidi ya nusu ya mjadala wa kupima mchango wa mashirika yasiyo ya kiserikali katika jamii. Kinachotafutwa ni pengo kati ya yaliyotokea na ambayo yangetokea kama shirika lisingekuja. Upande wa kwanza unauona kwa macho. Wa pili hauonekani kamwe, maana kijiji kimoja hakiwezi kupata mradi na kuukosa kwa wakati mmoja. Mbinu zote za tathmini, ziwe za bei nafuu au za mamilioni ya dola, ni jitihada za kukisia kwa uaminifu huo upande usioonekana.

Sasa njoo kwenye ripoti zetu. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye semina ya mradi anaijua fomu ya mahudhurio: jina, jinsia, umri, kijiji, namba ya simu, sahihi. Inazunguka asubuhi, inazunguka tena kabla nauli haijalipwa. Jioni afisa mradi anahesabu mistari, na mistari hiyo inageuka kuwa "wanufaika" kwenye ripoti ya robo mwaka. Mama mmoja akihudhuria mafunzo ya ujasiriamali Jumatatu, semina ya lishe Alhamisi na mkutano wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopeshana, wiki inayofuata, kwenye jedwali ni wanufaika watatu. Halafu kuna safu ya "wanufaika wasio wa moja kwa moja", ambako kila mshiriki anazidishwa kwa tano kwa hoja kwamba nyumbani ana familia. Aliyeianzisha hesabu hiyo ya mara tano ningependa sana siku moja nikutane naye.

Hakuna udanganyifu hapo, angalau mara nyingi. Mfadhili ameomba idadi, idadi imetolewa. Fomu ni ushahidi kwamba semina ilifanyika na fedha haikuliwa, na hilo lina uzito wake. Shida inaanza pale idadi ya waliokaa ukumbini inaposomwa kama idadi ya waliobadilika.

Umbali uliopo kati ya mambo hayo mawili ulionekana vizuri Tanzania Bara mwaka 2013 na 2014, katika mradi wa KiuFunza uliotekelezwa na shirika la Twaweza. Shule 350 za msingi katika wilaya 10 ziligawanywa kwa kura katika makundi. Kundi moja lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, iende moja kwa moja shuleni. Kundi la pili halikupata ruzuku, ila walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa bonasi: shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Zilizobaki ziliendelea kama kawaida ili ziwe za kulinganishia.

Ruzuku ilifika. Hilo peke yake, kwa anayezijua shule zetu, ni habari. Fedha zilitumika, vitabu vikanunuliwa, na ripoti ya kawaida ingeishia hapo kwa furaha. Lakini watoto wa shule zilizopata ruzuku pekee, walipopimwa, hawakuwa wamejifunza zaidi ya wale wa shule ambazo hazikupata kitu. Bonasi pekee ilileta mabadiliko madogo, tena yaliyotegemea unatumia mtihani upi. Mahali ambapo ruzuku na bonasi vilikwenda pamoja, watoto waliongezeka uelewa kwa kiasi cha wazi. Kitabu kinahitaji mwalimu mwenye sababu ya kukifungua, na mwalimu mwenye ari anahitaji kitabu. Jambo hilo lisingejulikana kama tathmini ingehesabu vitabu.

Minyoo, na watoto walioambukizana afya

Mfano unaotajwa kuliko yote duniani katika fani hii ulitokea hapo hapo Busia, na unastahili kusimuliwa taratibu. Mwaka 1998, ICS ilianza kugawa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Budalang'i na Funyula, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Hali ilikuwa mbaya: zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walikuwa na aina moja au nyingine ya minyoo. Shirika halikuwa na uwezo wa kuanza kote kwa mara moja, kwa hiyo shule zikapangwa makundi matatu ya shule 25. La kwanza lilianza kupata dawa 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Wachumi Michael Kremer na Edward Miguel waliona kwamba foleni hiyo, ikipangwa bila upendeleo, inawapa kitu cha kulinganisha: shule inayosubiri inaonyesha ambavyo shule iliyopata ingekuwa.

Watu wengi hukasirika wakisikia haya. Mnawanyimaje watoto dawa ili mfanye utafiti? Ni swali la haki, na jibu lake ni kuangalia nani amenyimwa nini. Kama fedha na wafanyakazi havitoshi, kuna shule itakayosubiri, utafiti uwepo usiwepo. Kinachobaki ni nani anapanga foleni: diwani, afisa anayetoka kijiji kile, au utaratibu usiomjua mtu. Pale ambapo fedha zinatosha kwa wote na dawa inajulikana kufanya kazi, kuwachelewesha baadhi kwa ajili ya takwimu ni kosa, nisingelitetea.

Angalia sasa walivyopima mahudhurio. Daftari la mahudhurio la mwalimu lipo kila shule, limejaa alama, na kila mtu anajua linavyojazwa. Hawakulitumia. Wafanyakazi walifika shuleni bila taarifa, mara kadhaa kwa mwaka, wakaita majina na kuhesabu watoto waliokuwepo darasani siku ile. Ni kazi ya kuchosha, ya pikipiki na vumbi, na ndiyo iliyofanya matokeo yaaminike. Utoro katika shule zilizopata dawa ulipungua kwa takriban robo. Alama za mitihani hazikupanda, na hilo nalo waliliandika.

Lililowashangaza zaidi ni watoto ambao hawakumeza dawa. Nao walipungukiwa na minyoo. Mayai ya minyoo husafiri kwa kinyesi na udongo, kwa hiyo mtoto mmoja akipona, mwenzake anayecheza naye anapunguziwa hatari. Fikiria ingekuwaje kama wangelinganisha mtoto aliyemeza na ambaye hakumeza ndani ya shule moja: wote wangeonekana karibu sawa, na ripoti ingesema dawa haina maana kubwa, wakati ukweli ni kwamba ilikuwa imefanya zaidi ya ilivyotarajiwa. Waliepuka mtego huo kwa kugawa shule nzima nzima.

Utafiti ulichapishwa mwaka 2004 na ukasukuma ugawaji wa dawa za minyoo mashuleni katika nchi nyingi. Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine wakazichukua data zilezile na kuzipiga hesabu upya. Wakakuta makosa katika programu ya kompyuta, hasa kwenye sehemu iliyohusu faida kwa shule za mbali, na wakatilia shaka baadhi ya mahitimisho. Wanatakwimu na wachumi walirushiana maneno kwa miezi. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku bora ya utafiti ule, kwa sababu data zilikuwa wazi na mgeni aliweza kuingia na kukosoa. Ni ripoti ngapi za mashirika yetu unaweza kuziomba data zake ghafi na ukapewa?

Mwaka 2019 Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za aina hii. Na mwaka 2021 yakatoka matokeo ya kuwafuatilia wale watoto wa Busia miaka 20 baadaye, wakiwa watu wazima. Waliopata dawa kwa miaka michache zaidi ya wenzao walikuwa wakipata kwa saa moja ya kazi kipato cha juu kwa takriban asilimia 13, na matumizi ya kaya zao yalikuwa juu kwa asilimia 14. Mpima aliyefunga daftari baada ya mwaka mmoja asingeliona hilo.

Jirani asiye kwenye orodha anajitokeza tena kwenye fedha taslimu. Huko Siaya, nako magharibi mwa Kenya, shirika la GiveDirectly liliwapa zaidi ya kaya 10,000 takriban dola 1,000 kila moja, katika eneo lenye vijiji 653. Watafiti hawakuishia kwa waliopokea. Walikwenda sokoni, madukani, kwa mafundi na wasaga nafaka, na kwa kaya ambazo hazikupata hata senti. Kwa makadirio yao, kila dola moja iliyoingia ilizungusha uchumi wa eneo kwa dola 2.5 hivi. Kaya ambazo hazikupokea nazo ziliongeza matumizi, na bei, ambazo wengi waliogopa zingepaa, zilipanda kwa sehemu ndogo sana ya asilimia.

Kuuliza, na kutia tone kwenye glasi

Mtu akija nyumbani kwako na fulana ya shirika lililokujengea kisima, akakuuliza kama unatibu maji ya kunywa, utamjibu nini? Heshima inakutaka useme ndiyo. Huo si uongo wa kumkomesha mtu, ni adabu ya kumpokea mgeni aliyekutendea wema. Kwa mpima, hata hivyo, adabu hiyo ni balaa.

Ndiyo maana miradi ya klorini kwenye visima vya magharibi mwa Kenya haikuridhika na majibu ya mdomo. Mpimaji huomba maji kutoka kwenye chombo ambacho familia inanywea, anatia kemikali, anasubiri kidogo. Yakigeuka rangi ya waridi, klorini ipo. Yakibaki meupe, haipo, hata kama mwenyeji ameeleza kwa ufasaha jinsi anavyofungua ile bomba ndogo ya klorini kila asubuhi. Kila shirika lina glasi yake ya namna hii likijitahidi kuitafuta. Chandarua: kimetundikwa juu ya kitanda, au kinafunika miche ya mboga? Choo: kuna njia iliyokanyagwa kuelekea kwake, au majani yameota mlangoni? Kikundi cha kukopeshana: sanduku lilifunguliwa lini mara ya mwisho?

Kuna jambo jingine ambalo wapimaji wa miradi midogo hulisahau, nalo ni nani anayetekeleza. Kenya ilijaribu walimu wa mkataba katika shule 192. Sehemu moja walisimamiwa na shirika la World Vision, nyingine na wizara yenyewe, kwa mkataba unaofanana. Kwa World Vision alama za watoto zilipanda. Kwa serikali hakukuwa na badiliko lolote. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba "mradi huu umethibitishwa", muulize umethibitishwa mikononi mwa nani.

Habari mbaya ina mnunuzi?

Tumezungumza kana kwamba ugumu wote ni wa kitaalamu. Kwa maoni yangu ugumu mkubwa zaidi ni wa kimaslahi. Shirika linaishi kwa andiko la mradi. Andiko lijalo linategemea ripoti ya mradi uliopita. Nani ataandika kwamba milioni mia nne hazikubadili kitu, kisha aombe nyingine? Tathmini yenyewe inaagizwa na kulipiwa na anayetathminiwa, na mshauri mwelekezi naye anataka kuitwa tena mwakani. Katika mazingira hayo ripoti nzuri ni jambo la lazima, matokeo mazuri ni ya hiari.

Wapo waliovunja mwiko huo. Uwezo, mpango wa Twaweza wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, ulijengwa juu ya imani kwamba mzazi akiambiwa mwanawe hajui kusoma, atachukua hatua: atakwenda shuleni, atamfuata mwalimu, atapaza sauti. Wataalamu wa siasa wa nje walipoipima imani hiyo katika vijiji vya Kenya, wakakuta wazazi waliopewa taarifa hawakufanya tofauti na wasiopewa. Twaweza iliyajadili matokeo hayo hadharani na kuibadili mikakati yake. Bangladesh nako, shirika la Evidence Action lilikuwa na mpango wa kuwakopesha wanavijiji nauli ya kwenda kutafuta vibarua mjini wakati wa msimu wa njaa. Majaribio ya mwanzo yalipendeza sana. Ulipopanuliwa ukapimwa tena, manufaa hayakuonekana, na mwaka 2019 shirika likaufunga. Mfadhili anayesoma habari kama hizo na kukunja uso anawafundisha wengine wote kuficha.

Wafadhili wengine hukimbilia kipimo chepesi cha asilimia ya fedha inayokwenda kwenye "utawala". Ikiwa ndogo, shirika ni zuri. Ni kipimo cha hovyo. Shirika linaloweza kutumia asilimia tano tu kwa ofisi linaweza kutumia tisini na tano zilizobaki kugawa chati.

Kesi moja haina kundi la kulinganisha

Kuna kazi ambazo kura na shule 75 haziwezi kuzigusa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi wa shirika la Msichana Initiative, ilivitangaza vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, kuwa kinyume cha Katiba, na kuipa serikali mwaka mmoja kuirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono hukumu hiyo.

Utaipimaje kazi hiyo? Huwezi kuipa nusu ya nchi katiba na kuinyima nusu nyingine. Kuhesabu wanufaika ni kuchekesha. Tena mashirika mengi yalikuwa yamelipigia kelele suala hilo kwa miaka, kila moja na ripoti yake inayodai sehemu ya ushindi. Hapa mpima hufanya kazi kama mpelelezi: hoja ipi ilionekana kwanza kwenye nyaraka za nani, nani alibadili msimamo na baada ya tukio gani, je, kulikuwa na dalili kwamba serikali ingerekebisha sheria yenyewe bila kushtakiwa? Hatimaye hapatikani namba. Inapatikana hoja iliyosimama au isiyosimama. Na hukumu mahakamani bado si harusi iliyozuiwa kijijini. Hilo la pili linahitaji upelelezi wake.

Kwa shirika dogo lenye wafanyakazi watatu, ofisi ya kupanga na pikipiki moja, sioni sababu ya kuota majaribio ya Busia. Jaribio la maana linaweza kugharimu kuliko bajeti yao ya miaka mitano, na likiwa na vijiji vinne halitasema kitu. Waazime ushahidi wa wengine: kama kugawa vyandarua bure kumeshathibitishwa kwingi, kazi yao ni kuhakikisha vinafika na vinatundikwa, wala si kuthibitisha upya kwamba mbu huuma. Wahesabu watu badala ya mistari ya fomu, kila mtu na namba yake moja. Wachukue hali ya mwanzo kabla ya kuanza, maana wengi hukumbuka hilo mradi unapofungwa. Na kama kuna foleni, waipange kwa kura ya wazi mbele ya mkutano wa kijiji. Ni haki zaidi, na inawapa kulinganisha bila gharama.

Kilichobaki ni cha mfadhili. Mkataba wa kawaida ni wa miaka miwili au mitatu, na tathmini ya mwisho hufanyika gari la mradi likiwa bado lipo na mishahara ikilipwa. Mwaka mmoja baada ya hapo, wakati kisima kimeshaharibika au bado kinatoa maji, wakati kikundi kimevunjika au kimenunua mashine ya kusaga, hakuna mtu ambaye kazi yake ni kurudi kuangalia. Watoto wa Busia walitafutwa miaka 20 baadaye kwa sababu kuna aliyekubali kulipia kuwatafuta, hadi Nairobi na ng'ambo ya mpaka Uganda. Kwenye andiko linalofuata, mstari wa bajeti ya kurudi baada ya miaka miwili ni gharama ya mpimaji mmoja, nauli na siku kumi za kazi. Mfadhili akiufuta mstari huo, basi asidai mabadiliko ya kudumu kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti.